Ukienda Mae Sot, keti kwanza nyuma ya darasa

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya umma huku Eastlands, Nairobi, na huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Rafiki amenipa habari za shule za watoto wa wahamiaji kutoka Myanmar zilizoko Mae Sot, nchini Thailand. Kampuni moja inayopeleka watu kujitolea inasema naweza kwenda wiki nne likizo ya Desemba nikiwalipa dola 1,800, nauli kando. Wenzangu kwenye ofisi ya walimu wananicheka: "Una watoto 70 darasani, unaenda kumsaidia nani?" Je, nitafaa kitu huko? Nibebe nini? Na hawa wenzangu niwajibu nini?
Mwalimu W., Umoja

JIBU:

Mwalimu W., nianze na hao watoto 70, kwa sababu wenzako wamekucheka kwa jambo ambalo ndilo sifa yako kubwa.

Walimu wengi wanaosafiri kwenda Mae Sot hutoka nchi ambako darasa la watoto 25 huhesabiwa kuwa limejaa. Wakimwambia mwalimu wa pale, "Gawa watoto katika vikundi," yeye hutabasamu tu, kwa kuwa anajua aliyesema hajawahi kugawa vikundi mahali ambapo dawati likisogezwa linagonga ukuta. Wewe umewahi. Umefundisha kusoma kwa vitabu 12 vinavyopokezanwa na watoto watano watano. Umefundisha Kiingereza mtoto anayesema Kikamba kwa nyanya yake na Sheng njiani, Kiswahili akakianza kwako darasani. Mambo hayo unayaona ni taabu za kila siku, hata hukufikiria kuyataja katika barua yako. Ndiyo mzigo wa maana utakaoubeba.

Kwa hiyo nenda. Lakini usiende kwa njia ya hiyo kampuni, wala usiende kufundisha watoto. Nitaeleza yote mawili, ila kwanza tuelewane mahali penyewe ni pa namna gani, maana nimeona wengi wakifika huko wakidhani wanakwenda kwenye kambi ya wakimbizi.

Mae Sot ni mji wa mpakani katika mkoa wa Tak, kilomita 500 hivi kutoka Bangkok. Ng'ambo ya mto Moei kuna Myawaddy, upande wa Myanmar, na Daraja la Urafiki linaloiunganisha miji hiyo lilifunguliwa mwaka 1997. Kambi zipo, tisa kwa jumla katika mpaka huo, na kubwa kuliko zote ni Mae La, iliyoanzishwa mwaka 1984, yapata kilomita 60 kaskazini mwa mji. Kambini huingii bila kibali cha serikali. Shule za wahamiaji ni kitu kingine. Ni vituo vilivyoanzishwa na wazazi na walimu wenyewe, makumi kadhaa katika wilaya zile za mpakani, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao wanashona nguo viwandani, wanakata miwa au wanavuna mahindi. Serikali ya Thailand iliamua mwaka 2005 kwamba kila mtoto aliye ndani ya mipaka yake ana haki ya kusoma, awe na karatasi au asiwe nazo, na wapo wengi walioingia shule za serikali kwa uamuzi huo. Lakini Kithai ni kigumu kwa mtoto aliyefika juzi, shule iko mbali, na mzazi asiye na stakabadhi haoni raha kupita penye askari kila asubuhi. Hapo ndipo kituo cha jirani kinapopata wanafunzi.

Vituo hivi vinafahamika kwa wizara, vinaratibiwa, lakini kisheria si shule kamili. Ukitaka kuelewa hali hiyo haraka, fikiria shule zetu za Mathare na Mukuru zile zinazoitwa za elimu mbadala: watoto wamejaa, walimu wapo, mtihani wanafanya, na bado kila mwaka kuna mtu wa kuuliza kama ni shule kweli.

Walimu nao wengi ni wahamiaji. Baada ya jeshi kupindua serikali ya Myanmar tarehe 1 Februari 2021, walimu wengi wa serikali waligoma kufanya kazi chini ya wanajeshi, wakafukuzwa, wakasakwa, na baadhi yao wakavuka mto. Kwa hiyo katika ofisi moja ya walimu unaweza kumkuta kijana aliyemaliza kidato juzi akifundisha kwa posho, na pembeni yake mama aliyekuwa mwalimu mkuu kwao, mwenye miaka 25 kazini kukuzidi wewe zaidi ya mara mbili. Ukisimama mbele yao useme umekuja "kuwajengea uwezo", huyo mama atakusikiliza kwa adabu kubwa. Adabu yao isikudanganye.

Nimeijua adabu hiyo kwa kuumbuka. Mara ya kwanza nilikwenda na karatasi kubwa za ukutani, kalamu za rangi na semina ya siku tatu kuhusu kazi ya vikundi. Walimu 19 waliandika kila neno. Waliitikia kwa kichwa, wakapiga picha ya pamoja, wakanipa zawadi ya mfuko wa kufumwa. Jumatatu nikapita madarasani: kila mmoja anafundisha vile vile alivyokuwa akifundisha kabla sijatua. Mwalimu anasema, watoto wanaitikia kwa pamoja, kwa sauti ya kupasua dari. Nakiri niliudhika. Nikasema moyoni, watu hawa wamezoea kukariri, hawataki mabadiliko.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaketi nyuma ya darasa la tatu. Ukuta uliotenganisha darasa hilo na la nne ulikuwa wa mianzi, umefika begani. Upande wa pili walikuwa kwenye hesabu za kuzidisha. Kila mwalimu wa darasa la tatu aliponyamaza ili watoto wafikiri, watoto wake walianza kuitikia hesabu za jirani. Saba mara nane wakajibu wao, tena kwa furaha. Ndipo nikaelewa kwamba ile kuitikia kwa sauti, niliyoidharau siku tatu nzima, ndiyo iliyokuwa ukuta wao. Mwalimu alikuwa akijenga ukuta kwa koo za watoto, na mimi nimekuja kumwambia aubomoe ili wanong'one vikundini!

Ningekuwa na akili ningekumbuka kwetu. Nimefundisha chini ya mabati, na kila mwalimu wa Nairobi aliyefanya hivyo anajua mvua ya Aprili ikianza kupiga, somo la kuzungumza limekwisha. Unageukia ubao unaandika, watoto wanaandika, mpaka mbingu zitulie. Nikamweleza hayo yule mwalimu kupitia mkalimani. Akacheka sana. Ndiye aliyepata wazo, si mimi: wakae yeye na mwenzake wa darasa la nne wapange ratiba upya, ili wakati huku wanasoma kwa sauti, kule wanaandika, na kinyume chake. Wiki iliyofuata madarasa mengine mawili yakafanya hivyo. Sikuacha kitu kingine cha maana pale kwa safari nzima, na hata hicho si changu.

Kisa hicho ndicho msingi wa jibu langu kwamba usiende kufundisha watoto. Wiki nne ni kidogo mno kwa mtoto na ni nyingi sana kwa mwalimu. Mtoto wa kituo kile ameshaachwa na watu wengi: mzazi amehamia kiwanda kingine, rafiki wamekwenda kwenye miwa na hawakurudi, mwalimu amepata karatasi za kwenda nchi ya mbali. Wewe ukija ukamzoesha nyimbo zako na vicheko vyako, halafu siku ya 28 ukaondoka na begi, umeongeza mmoja kwenye orodha. Isitoshe, wakati wewe unafundisha, mwalimu wake halisi ameketi nje akinywa chai au amepelekwa kusahihisha madaftari. Ukishaondoka anarudi kwenye somo lililokatika katikati, na watoto wanaouliza mgeni atarudi lini.

Mwalimu kwa upande wake anaweza kufanya mengi na mwenzake wa wiki nne, hasa mwenzake ambaye hana haraka. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Wageni wa kujitolea hulidai siku ya kwanza, saa mbili asubuhi, kabla hawajaonyeshwa mpaka wa shamba. Wewe wiki ya kwanza yote keti nyuma. Andika unachokiona, usiandike unachokifikiria: nani anaulizwa maswali, nani hajaulizwa tangu asubuhi, daftari zinasahihishwa saa ngapi, mtoto aliyekosa wiki mbili kwa sababu ya mavuno anaanzishwa wapi akirudi. Hilo la mwisho litakushughulisha sana, maana Desemba ndipo uvunaji wa miwa unapoanza Thailand, na utaona viti vikianza kubaki wazi.

Wiki ya pili muulize mwalimu mmoja au wawili, si wote: kuna jambo gani ambalo likirahisika kidogo tu, siku yako itakuwa nyepesi? Usikubali jibu la kwanza. Waburma wana neno, *anade*, la ile hali ya kuona vibaya kumkatalia mtu au kumtwisha taabu yako. Mswahili aliyelelewa vizuri ataielewa bila tafsiri. Maana yake kazini ni kwamba "ndiyo, ni wazo zuri sana" linaweza kuwa "hapana". Jibu la kweli huja mkiwa mnatembea kwenda nyumbani, au kwenye chai. Na chai yao utaipenda: ya maziwa mengi na sukari nyingi, kwa unga uliokaangwa mrefu mrefu kama ndugu wa mbali wa mandazi. Nilifanya kazi zaidi kwenye vibanda vile vya chai kuliko katika chumba chochote cha mikutano.

Ukishapata hilo jambo moja, hapo ndipo unapoingiza ujuzi wako. Unakumbuka semina za SMASE zilizoanza kwa walimu wa hesabu na sayansi wa sekondari mwaka 1998, kwa msaada wa Wajapani, zikazaa kile kituo cha CEMASTEA kule Karen? Walimu walizilalamikia, hasa kwa sababu zilikula likizo, lakini mzunguko wake ulikuwa wa akili: panga, tenda, tazama, boresha. Mnapanga somo moja pamoja, mmoja analifundisha, mwingine anatazama, mnakaa mnalirekebisha, linafundishwa tena darasa jingine. Halihitaji projekta wala umeme. Katika wiki mbili zinazobaki, wewe na mwalimu mwenyeji mnaweza kuzunguka mzunguko huo mara nne au tano kwa somo lile lile linalomtatiza. Yeye ndiye afundishe. Wewe ndiye uandike.

Na Tusome nayo, ule mpango wa kufundisha watoto wa madarasa ya chini kusoma, usiidharau kwa kuwa ilikuja na makaratasi. Ilipoanza nchi nzima mwaka 2015, watu walizungumza sana juu ya vitabu, kila mtoto na chake, lakini mimi nadhani kilichoibeba ni yule afisa wa kusaidia walimu aliyekuja darasani, akatazama somo moja, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha akakaa na mwalimu dakika chache kumwambia jambo moja la kuendelea nalo na jambo moja la kubadilisha. Jambo moja! Wageni wengi humwachia mwalimu kurasa sita za ushauri. Kama umewahi kutembelewa na afisa mzuri, na najua kuna wabaya, umeshajifunza namna ya kumwambia mwalimu mwenzako ukweli bila kumvunja uso.

Kuna eneo moja ambalo Mkenya ana neno kuliko wageni wengine wote, nalo ni lugha. Vituo vya Mae Sot vina watoto wanaosema Kiburma, Kikaren cha aina mbalimbali na lugha nyingine nyumbani. Wanasomeshwa kwa Kiburma, wanahitaji Kithai ili waishi, na wanakitamani Kiingereza, wengine kwa sababu ya mtihani wa GED wa Marekani unaowafungulia mlango wa chuo. Mgeni kutoka nchi ya lugha moja hushauri "zungumzeni Kiingereza tu darasani". Wewe umepitia mwisho wa njia hiyo. Kama hukuvishwa ile disk shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama, basi umeona mwenzako akivishwa, na unajua ilikufundisha nini: kunyamaza. Waambie hivyo walimu. Waonyeshe unavyomruhusu mtoto aeleze hesabu kwa Kiswahili kwanza, kisha mnaitafutia Kiingereza chake pamoja. Hili nililizungumza siku moja jioni, na maswali yalizidi semina yangu yote ya siku tatu.

Sasa hizo dola 1,800. Umefundisha Eastlands, kwa hiyo umeshawaona wageni wa Agosti: basi dogo linasimama, fulana za rangi moja zinashuka, ukuta uliopakwa rangi mwaka jana unapakwa tena, watoto wanaimba, picha zinapigwa, na jioni mwalimu mkuu anabaki na katoni ya mipira na deni la maji. Wamelipa pesa nyingi kufika pale, na shule haikuiona. Iulize kampuni hiyo maswali matatu kwa maandishi. Kati ya hizo 1,800, kituo kinapokea ngapi? Nani kule aliyeomba mwalimu, na aliomba wa nini? Nani ananisimamia nikikosea? Majibu yakija na picha za machweo, achana nao. Afadhali uandike moja kwa moja kwa kituo, au kwa mashirika ya elimu yanayofanya kazi na vituo hivyo miaka yote, ueleze wewe ni nani na unaweza nini, usubiri wakujibu. Wakijibu kwamba hawahitaji mtu, hilo nalo ni jibu la heshima.

Kampuni ambayo haikukuuliza cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, iogope. Kinaombwa kwenye eCitizen kwa shilingi 1,050 na kuchukuliwa alama za vidole. Mtu anayekwenda kukaa na watoto wa watu asiyeombwa hata hicho, basi na wengine waliomtangulia hawakuombwa.

Hapa nataka unisikilize kama mdogo wangu, maana jambo hili wageni kutoka Ulaya hawalijui lakini Mkenya analo shingoni. Myawaddy, ng'ambo ya mto, kuna makao ya utapeli wa mtandaoni, na Wakenya wamenaswa humo. Waliahidiwa kazi Thailand, wakapokelewa Bangkok, wakasafirishwa mpaka Mae Sot, wakavushwa mto usiku. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Thailand ilikata umeme uliokuwa ukienda upande ule, maelfu ya watu wa mataifa mengi wakaachiliwa, na Wakenya walikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo afisa wa uhamiaji, awe wa uwanja wetu wa ndege wa JKIA au wa Bangkok, akisikia Mkenya anakwenda Mae Sot atakuuliza maswali, na ana haki. Beba barua ya kituo, namba ya mwenyeji wako, tiketi ya kurudi, barua ya shule yako. Barabara ya kuingia na kutoka Mae Sot ina vizuizi vya polisi wanaokagua vitambulisho ndani ya basi, kama ile ya Garissa, basi pasipoti iwe mkononi, isiwe kwenye mzigo juu ya basi. Ukifika Bangkok uandikishe jina lako kwa ubalozi wetu. Usivuke mto, hata kwa ajili ya picha, hata ukiambiwa ni dakika tano. Na yeyote atakayekutumia ujumbe kwamba kuna kazi ya kufundisha Kiingereza Mae Sot kwa mshahara mnono, tiketi juu yake, usimjibu.

Mengine ya karatasi niyapitie upesi. Viza ya utalii si ya kufanyia kazi, na kufundisha bila malipo nako kunaweza kuhesabiwa kazi. Mwenyeji wako aulize kwao, nawe uulize ubalozi wa Thailand hapa Nairobi, kuhusu viza ya wanaojitolea na kibali kinachoandamana nayo, kabla ya kununua tiketi. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya, ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na kile cheti cha manjano usikiache nyumbani. Tangu Mei 2025 kila mgeni hujaza kadi ya kuwasili mtandaoni katika siku tatu kabla ya kufika. TSC, tume inayotuajiri walimu, waandikie kuomba ruhusa kupitia mwalimu mkuu wako, likizo au si likizo. Usikubali kupata barua ya kujieleza Januari kwa safari njema. Na uangalie usije ukapangiwa kusimamia mtihani wa KCSE Novemba halafu tiketi ni ya wiki hiyo hiyo.

Kwa bahati likizo yetu ndefu inaoana na kalenda yao. Vituo vingi huanza mwaka Juni na kufunga Machi, kwa hiyo Novemba na Desemba wapo darasani, mvua zimekwisha na usiku kuna baridi ya kutosha kuhitaji sweta. Watu hawaamini nikiwaambia wabebe sweta Thailand.

Picha. Usipige picha ya mtoto yeyote ukaiweka mtandaoni. Kwetu ni suala la heshima. Kule linaweza kuwa la usalama. Mzazi asiye na karatasi anaweza kutambulika kwa mtoto wake, kwa sare, kwa kibao cha kituo nyuma yake. Mwalimu aliyekimbia jeshi ana ndugu waliobaki nyumbani. Hata ile tabia ya simu kutaja mahali ulipo, izime. Ukitaka kumbukumbu, piga picha ya ubao baada ya somo.

Na wewe mwenyewe utatazamwa. Niseme wazi kwa kuwa vipeperushi havisemi: Mwafrika ni nadra pale, watoto watataka kugusa nywele zako, na kuna watu wazima watakaodhani umekuja kupika. Mimi mlinzi wa lango alinielekeza jikoni. Mzungu asiye na cheti chochote cha ualimu aliyefika siku moja nami ndiye aliyeitwa mwalimu. Ilinichoma, kisha ikapita, kwa sababu ofisini kwa walimu mambo yalikuwa tofauti: mara moja waligundua kwamba namjua mtoto anayekuja shule bila kula. Wewe watakuita *Sayama*, yaani mwalimu wa kike, na neno hilo wanalisema kwa heshima ambayo sisi tumeanza kuisahau. Vua viatu mlangoni, usimguse mtu kichwani, hata mtoto, hata kwa upendo.

Umeuliza nibebe nini. Usibebe kalamu 500 wala fulana. Beba madaftari ya wanafunzi wako uliyokwisha kuyasahihisha, matano au sita, majina yameondolewa: moja la mtoto hodari, mengine ya wale wanaokuhangaisha. Mwalimu popote duniani ukimpa daftari lililosahihishwa na mwenzake, ataanza kulisoma kabla hujamaliza kueleza. Atauliza kwa nini hapa uliweka vema, kwa nini pale hukutumia kalamu nyekundu, huyu mtoto ana nini. Mazungumzo yako yote ya wiki ya kwanza yamo humo. Beba maandalio ya masomo yako yaliyoandikwa kwa mkono, yenye mafuta ya chai na kufutwafutwa, si yale safi ya kumwonyesha mkaguzi. Beba kipande cha gunia ulichokishonea chati, na mfuko wa vifuniko vya soda vya kuhesabia. Na majani ya chai ya Kericho, kilo mbili. Hayo ni ya ofisi ya walimu.

Kabla hujaondoka, kubalianeni siku na saa ya kuendelea kuzungumza. Wao wako mbele yetu kwa saa nne: saa nane mchana ya Nairobi ni saa kumi na mbili jioni kwao. Mara moja kwa mwezi, mwalimu mmoja, somo moja. Mimi na yule wa ukuta wa mianzi tuliendelea mwaka mzima hivyo, mpaka alipohama.

Wenzako sasa. Wana hoja, lakini si ile wanayoisema. Hakuna sheria kwamba mwalimu amalize shida za Umoja ndipo atoke Umoja. Kwa kipimo hicho hata Wajapani wa SMASE wasingekuja. Hoja yao ya kweli, ambayo hawajaitamka, ni hii: umepita mara ngapi mbele ya shule ya wahamiaji hapa Nairobi bila kuingia? Isili, ukishuka matatu namba 6 au 9, kuna madarasa ya Waoromo na Wasomali juu ya maduka. Kayole, na hata Kitengela nje ya jiji, kuna Wakongomani na Warundi. Sheria yetu mpya ya wakimbizi ya mwaka 2021 inasema mengi mazuri, na bado mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anahangaika kuandikishwa kwenye mtandao wa wizara. Aprili 2014, msako wa polisi ulipozoa watu Isili na kuwarundika uwanja wa Kasarani, kuna walimu walioingia darasani Jumatatu wakakuta nusu ya viti havina watu. Walimu hao bado wapo, na wanaijua Mae Sot bila kuifikia.

Kwa hiyo tumia Jumamosi za miezi hii iliyobaki. Tafuta kituo kimoja, mwombe mwenye nacho ruhusa, keti nyuma, andika. Muulize mwalimu lile swali la jambo moja. Ukiona kuketi saa tatu bila kusimama kushika chaki kunakushinda, ni vizuri ulijue Isili kwa nauli ya matatu kuliko kulijua Mae Sot. Ukiona kunakufaa, utakuwa na la kuwaeleza wale walimu siku ya kwanza watakapokuuliza kwenu wahamiaji husomaje, na watakuuliza.

Barua ya kuomba nafasi iandike baada ya hapo. Ukipenda nitaisoma kabla hujaituma, ila niletee pamoja na ulichokiandika Isili, nianze na hicho.